Saruji Juu ya Chokaa: Maswali Yenu Kuhusu Nyumba za Kale na Bustani za Mjini

Barua za safari hii zimetoka Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, na moja imevuka bahari kutoka Maskati. Zinataja kuta, boriti, miti na viwanja, lakini ukizisoma mfululizo utaona nyingi zinazunguka jambo moja: maji yanaingilia wapi, na yakishaingia yanatokea wapi. Tunaanza na swali lililoletwa na wengi kuliko yote.

SWALI: Nyumba yetu ni ya mawe, ya tangu enzi za babu. Miaka miwili iliyopita tulibandua lipu ya zamani katika chumba cha chini, tukapiga ya saruji na kupaka rangi ya plastiki. Sasa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno rangi inafura kama malengelenge, na ukiigusa unatoka unga mweupe wa chumvi. Fundi anasema tupige tena saruji yenye dawa ya kuzuia maji, kisha tuweke vigae. Tumsikilize? *Msomaji, Mkunazini, Unguja*

JIBU: Kwa hilo, msimsikilize. Dawa ya kuzuia maji haiyaondoi maji ukutani, inayafungia ndani.

Ukuta wa Mji Mkongwe una unene wa nusu mita au zaidi, na umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Vyote hivyo vinanyonya maji. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unafika kwenye lipu ya chokaa na kukaukia hapo kwa upepo. Chumvi inabaki usoni mwa lipu, kwa hiyo kinachochakaa ni lipu, jiwe linasalimika. Kila baada ya miaka kadhaa lipu ya chini inabanduliwa na kupigwa nyingine. Wazee hawakuona huo kuwa uharibifu. Kwao ilikuwa kama kubadilisha makuti.

Saruji inaziba njia hiyo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, ndiyo maana ukuta uliopigwa saruji hadi kiunoni baadaye hulowa mabegani. Chumvi nayo hukaukia nyuma ya saruji, ikaota fuwele na kuisukuma. Kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko tumbawe, siku inapobanduka huondoka na vipande vya jiwe. Na maji yakifika kwenye vichwa vya boriti, tatizo si la chumba cha chini tena.

Kabla ya kugusa patasi, tafuteni chanzo. Kagueni gata na bomba la kushushia maji ya mvua, bomba la choo lililopita ukutani, matone ya kiyoyozi, na shimo la maji machafu lililo karibu. Jambo moja husahauliwa mno: njia ya mtaa inapowekwa tabaka jipya kila baada ya miaka, uso wake huinuka hadi ukapita sakafu ya ndani. Hapo kila mvua ni yenu. Mkishindwa kuishusha njia, chimbeni mfereji mwembamba kandokando ya ukuta, wenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, uyapeleke maji mbali.

Sasa banduweni saruji kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutikisa itavunja matumbawe. Endeleeni sentimita 50 kupita mahali unyevu unapoishia. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, ikusanywe na kutupwa nje. Mkiiosha kwa maji mtairudisha ukutani. Kisha uacheni ukuta wazi msimu mzima wa kaskazi, milango na madirisha yakiwa wazi mchana. Miezi 3 si mingi kwa ukuta wa nusu mita. Watu wengi hukosea hapa: wanakata tamaa wiki ya tatu na kupiga lipu juu ya unyevu.

Lipu iwe chokaa 1 kwa mchanga 3, kwa ujazo. Chokaa nzuri kuliko zote ni ile iliyotoka tanuru bila kutiwa maji, mkaizima wenyewe. Tangulizeni maji kwenye shimo au pipa, kisha tieni chokaa kidogo kidogo. Kamwe msimwage maji juu ya chokaa, kwa sababu inachemka na kuruka, na tone moja linaweza kupofusha jicho. Vaeni miwani na glavu. Ichekecheni, muiache chini ya maji ya kina cha sentimita 5 kwa miezi 3. Ile ya unga ya mifuko inafaa kwa shida, bora iwe mpya na ilowekwe angalau siku nzima, wiki kadhaa ikiwezekana. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo, uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga wa ufukweni utawaletea chumvi ileile mliyotoka kuifagia.

Lowesheni ukuta kidogo, rusheni tabaka la kwanza kwa mwiko, unene wa milimita 10 hadi 15, kisha likwaruzeni. Likikauka kiasi kwamba ukucha unaacha alama bila kuzama, pigeni la pili la milimita 10, na la mwisho la milimita 3 lenye mchanga laini. Kila tabaka lifunikwe kwa magunia ya maji kwa siku 7. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole, na hewa hiyo haifanyi kazi bila unyevu. Ikikaushwa na jua itabaki unga. Kwa ukuta wa mita za mraba 10 andaeni ndoo 5 za lita 20 za chokaa iliyozimwa na ndoo 15 za mchanga.

Fundi atawaomba atie “saruji kidogo tu ishike haraka.” Mkatalieni. Kidogo hicho hakitoshi kuipa lipu nguvu, lakini kinatosha kupunguza upenyo wake.

SWALI: Je, baada ya lipu ya chokaa naweza kupaka rangi ya mafuta ili ukuta usafishike kwa urahisi? *Msomaji, Malindi, Unguja*

JIBU: Hapana, wala ya plastiki. Pakeni chokaa iliyochanganywa na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5, kila mmoja kwa siku yake, na ukuta uloweshwe kidogo kabla ya kila mkono. Ikiwa mbichi itaonekana kama maji matupu na mtadhani mmepunjwa. Weupe hutokea inapokauka. Mkono mzito hupasuka na kupukutika. Kwa rangi, tumieni unga wa madini kama ule wa udongo mwekundu au wa manjano.

SWALI: Shikamooni. Nyumba yetu iko Mji wa Kale wa Mombasa. Sakafu ya chumba cha juu imebonyea katikati, na ukikanyaga yatikisika. Ndugu yangu ataka tumwage zege la inchi nne lenye nondo juu yake iwe imara. Kwa chini boriti zaonekana nzima. *Msomaji, Kibokoni, Mombasa*

JIBU: Marahaba. Fanyeni hesabu kwanza. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 kitabebeshwa kilo 3,600, sawa na kuegesha pikapu mbili juu ya boriti ambazo tayari zimechoka. Na zege halitazisaidia boriti. Litakaa juu yake tu kama mgeni asiyechangia.

Boriti ya mkoko ina unene wa sentimita 11 hadi 14. Vyumba vya nyumba za mwambao ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo: upana wa chumba ulifuata mti uliopatikana. Mkoko ni mgumu, nao ukiwa kwenye hewa kavu huishi miaka mingi sana. Huozea kichwani, pale ulipoingia ukutani, ambapo macho hayafiki. Ndiyo maana zenu “zaonekana nzima.”

Chukueni bisibisi imara, mwichome kila boriti karibu kabisa na ukuta, ncha zote mbili. Ikigoma baada ya milimita 2 au 3, mti ni mzima. Ikizama, andikeni alama ya chaki. Gongeni pia kwa nyundo: mti mzima hulia mkavu, uliooza au kuliwa na bungua hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Ikipatikana mbovu moja moja, rekebisheni moja moja. Zikiwa tatu zilizofuatana, ondoeni watu na vyombo chumbani leo, mtegemeze kwa mirunda kabla ya jambo lingine lolote. Mirunda isimame sentimita 30 hadi 50 kutoka ukutani, juu na chini yake pakiwa na ubao wa unene wa sentimita 5. Na kama chumba kilicho chini yake nacho kimekaa juu ya boriti, mirunda iendelee hadi ardhini. Kutegemeza sakafu mbovu juu ya sakafu nyingine mbovu kumeua mafundi.

Kichwa kilichooza mnaweza kukikata na kuifunga boriti mbao mbili za mti mgumu, moja kila upande, za inchi 2 kwa 6, zipite mahali pazima kwa angalau mita 1, zishikwe kwa bolti za milimita 12. Au ingizeni boriti mpya kando ya ile ya zamani. Kichwa kipya kikae sentimita 15 au zaidi ndani ya ukuta, juu ya jiwe bapa, na pembeni mwachie nafasi ya sentimita 2 ya hewa. Kipakeni dawa ya boraksi dhidi ya mchwa. Msikipake lami, wala oili chafu ya gari: lami hufungia unyevu ndani ya mti.

Juu, badala ya kuongeza, punguzeni. Sakafu nyingi za kale zimerundikwa saruji juu ya chokaa, vigae juu ya saruji, kisha vigae vingine. Banduweni mpaka mfike chokaa ya asili. Na mkague bafu la juu, maana katika nyumba hizi bafu lililoongezwa baadaye ndilo mtuhumiwa wa kwanza.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo pitieni ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya kuanza, pamoja na kibali cha kaunti. Ukataji wa mikoko nao unadhibitiwa. Mwulizeni muuzaji karatasi za Huduma ya Misitu, au tumieni mbao ngumu zilizopasuliwa.

SWALI: Jirani amebomoa nyumba ya zamani na sasa anachimba shimo la ghorofa refu lenye maegesho chini ya ardhi. Nyumba yetu ya ghorofa mbili, yenye mwaka 1931 juu ya mlango, imeanza nyufa. Je, sheria haikatazi kubomoa majengo ya zamani? Na sisi tufanye nini? *Msomaji, Kisutu, Dar es Salaam*

JIBU: Tuanze na sheria, maana wengi hudhani uzee peke yake ni ngao. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mstari kwenye mwaka 1863: jengo la kabla ya hapo linalindwa kwa umri wake. Dar es Salaam kama mji ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka hiyohiyo ya 1860. Hata Boma la Kale lililo karibu na bandari, ambalo ni kati ya majengo makongwe zaidi mjini, lilijengwa 1866 na 1867. Kwa hiyo karibu hakuna nyumba ya katikati ya jiji inayolindwa kwa umri tu. Mpaka itangazwe rasmi kwenye Gazeti la Serikali. Cha ajabu, milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940 zimetajwa na sheria hiyo. Nyumba yaweza kuwa haina ulinzi na mlango wake ukawa nao. Mkiona mlango wa namna hiyo unapakiwa kwenye lori, ripotini kwa Idara ya Mambo ya Kale.

Sasa nyufa. Chukueni kina cha msingi wenu na kina cha shimo. Chora mstari kutoka chini ya msingi ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea shimoni. Shimo likiukata mstari huo, nyumba yenu iko hatarini. Kwa mfano, msingi wa mita 1 na shimo la mita 7: chochote kilicho ndani ya mita 6 kutoka ukingo wa shimo kinahusika. Kingo za shimo lazima zishikiliwe kwa ukuta wa kuzuia udongo kabla ya kuchimba, wala si baada ya udongo kuanza kumeguka.

Hatari ya pili haionekani: pampu. Shimo likifika kwenye maji ya ardhini, mkandarasi huyavuta usiku na mchana. Ardhi ya mchanga ikinyimwa maji yake hujikaza na kushuka, na nyumba zilizo juu yake hushuka nayo, upande mmoja kuliko mwingine. Sikilizeni kama kuna pampu inayonguruma saa zote, mtazame maji yanayomwagwa mferejini. Yakiwa na tope, mchanga unavutwa kutoka chini ya majirani.

Pigeni picha kila ufa leo, pamoja na rula na tarehe. Kwenye nyufa kubwa, kwaruzeni rangi na lipu mpaka ukuta wenyewe, mbandike kipande chembamba cha kioo cha sentimita 10 kikivuka ufa, kishikwe kwa jipsamu ncha zote mbili, muandike tarehe pembeni. Kioo kikivunjika, ukuta umesogea. Ufa wa chini ya milimita 1 mara nyingi ni wa lipu tu. Unaozidi milimita 5 na unaoendelea kupanuka, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama, mwiteni mhandisi wiki hiyohiyo.

Nendeni msome bango la mradi. Linapaswa kuonyesha mhandisi, mbunifu na mkandarasi waliosajiliwa. Andikeni barua kwa halmashauri, nakala kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, mkiambatanisha picha, na mtake ripoti ya ukaguzi wa majengo ya jirani. Mkandarasi makini huwa ameifanya kabla ya kuchimba, kwa faida yake pia. Mji huu hauhitaji kukumbushwa: jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, na la Kariakoo liliporomoka Novemba 16, 2024. Ikiwa eneo halina bango kabisa, anzeni na hilo kwenye barua.

SWALI: Kiwanja cha wazi cha mtaa wetu kimezungushiwa mabati usiku. Asubuhi tumeambiwa kina mwenyewe. Watoto wamekuwa wakicheza hapo miaka yote. Tunaanzia wapi? *Msomaji, Sinza, Dar es Salaam*

JIBU: Anzieni kwenye karatasi, kelele baadaye. Kwamba watoto wamecheza hapo miaka yote ni kweli, lakini si hati. Ofisi ya mipango miji ya manispaa ina mchoro wa mipango miji wa eneo lenu na ramani ya upimaji. Tafuteni namba ya mchoro, na msome kiwanja hicho kimeandikwa kwa matumizi gani. Kama ni eneo la wazi, haligeuki kuwa la makazi au biashara kwa mtu kuleta hati tu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ina utaratibu wa kubadili matumizi, na utaratibu huo hauendi kimyakimya. Ulizeni tangazo lilitolewa lini na kikao kilikaa lini.

Itisheni mkutano wa mtaa kupitia mwenyekiti, wenye muhtasari, tarehe na saini za waliohudhuria. Barua iende kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya na kwa kamishna msaidizi wa ardhi. Kila nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni hadithi. Mkiona msingi unamwagwa, msingoje majibu. Tafuteni wakili aombe zuio, kwa sababu jengo likishapauliwa kila mtu huanza kulihurumia.

Msidharau barua. Mwaka 1989 Nairobi ilipopangiwa mnara wa ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, Wangari Maathai alianza kwa kuandika barua, moja baada ya nyingine, kwa kila ofisi iliyohusika ndani na nje ya nchi. Alitukanwa bungeni, wafadhili wakajiondoa, na mnara haukujengwa.

Hoja yenye nguvu kuliko michezo ya watoto ni ya mvua, na wachache huitumia. Mvua ya milimita 50 kwenye kiwanja cha mita za mraba 1,000 ni lita 50,000, yaani malori matano ya maji ya lita 10,000. Leo sehemu kubwa yake inanywewa na udongo. Kikijengwa na kusakafiwa, maji hayo yatatafuta njia kupitia nyua zenu. Tieni hesabu hiyo kwenye barua, na picha za mafuriko ya masika kama mnazo.

Mkikipata, kitumieni. Kiwanja kitupu humwita mvamizi. Pandeni miti pembeni, wekeni nguzo fupi za zege kila mita 1.2 ili gari lisiingie na kiti cha magurudumu kipite. Hata Mnazi Mmoja, ambayo wakoloni waliiacha wazi ili kutenga Kariakoo na mitaa ya Wahindi na Wazungu, leo ni pumzi ya watu walewale waliotengwa, kwa sababu watu waliendelea kuitumia.

SWALI: Bustani iliyo karibu nasi ufukweni imesakafiwa upya kwa pavingi, imependeza. Lakini mkungu mkubwa uliokuwa katikati umeanza kukauka juu, matawi yanakatika. Ni ugonjwa? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Yaelekea ni kiu na kukosa hewa. Mizizi mingi inayolisha mti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, tena huenea mbali kupita kivuli. Kabla ya pavingi, eneo huchimbwa, hujazwa kifusi na kushindiliwa. Mizizi inakatwa, iliyobaki inabanwa, kisha mlango unafungwa kwa juu. Mti mkubwa una akiba, kwa hiyo hauonyeshi mwaka huohuo. Huanza kufa vileleni baada ya miaka 2 au 3, wakati mkandarasi ameshalipwa.

Pimeni mzingo wa shina kwa kamba, usawa wa kifua, kisha zidisheni mara nne. Mzingo wa sentimita 220 unatoa karibu mita 9: ndani ya duara hilo kuzunguka shina hapakupaswa kuchimbwa, kuegeshwa gari, wala kurundikwa mchanga. Kuokoa kilichobaki, waombeni wahusika waondoe pavingi kadiri inavyowezekana ndani ya duara, angalau mita 2 kila upande wa shina, kwa mikono bila kijiko cha mashine. Chimbeni vijifereji vyembamba vya kina cha sentimita 30 vinavyotoka karibu na shina kwenda nje kama miale, katikati ya mizizi minene na si juu yake, mvijaze mboji na mchanga. Tandazeni majani makavu unene wa sentimita 8, yasiguse shina. Mwagilieni wakati wa kiangazi, maji mengi mara moja kwa wiki badala ya kidogo kila siku. Matawi makavu yakatwe kabla hayajamwangukia mtu.

Na kwa wanaopanga bustani mpya: pavingi si adui. Tabaka la kokoto la sentimita 10 hadi 15, mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na matofali yenye mianya iliyojazwa mchanga bila saruji, hupitisha maji mengi. Adui ni saruji inayomwagwa kwenye mianya “ili majani yasiote.” Forodhani ya Unguja, iliyofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati, ilibakiza kivuli cha miti yake mikubwa, na ni kivuli hicho kinachowakalisha watu kabla jua halijazama na mishikaki kuwashwa.

SWALI: Assalamu alaykum. Marehemu bibi alituachia nyumba Mji Mkongwe. Warithi tuko Maskati, Dubai na Unguja. Tunataka kuikarabati iwe nyumba ya wageni, pamoja na ghorofa moja ya juu kwa mgahawa. Tufuate njia gani? *Msomaji, Maskati*

JIBU: Wa alaykum salaam. Kabla ya mbunifu, hakikisheni nyumba ni yenu. Nyumba nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi kama mali ya kawaida. Mtu mmoja aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na kwenye ofisi za ardhi akatafute jina lililoandikwa. Kisha malizeni mirathi. Warithi walio nje watie saini hati ya uwakala iliyothibitishwa, wamteue mmoja aliye Unguja. Mrithi mmoja asiyetia saini anaweza kusimamisha kazi wakati mapaa yameshaezuliwa na masika yanaingia.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kibali hutolewa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Watataka kuona michoro ya nyumba ilivyo sasa, picha za kila chumba, michoro ya mnachotaka kubadili na vifaa mtakavyotumia. Waalikeni waje waione kabla hamjachora. Mtaokoa ada ya mbunifu. Yanayokataliwa mara nyingi ni ghorofa ya ziada, madirisha ya alumini upande wa njia, kuvunja baraza na kuhamisha mlango.

Ghorofa ya mgahawa isahauni, hata kama jirani anayo. Kuta hizo zilibeba uzito zilioujua. Jumba la Maajabu la 1883 lilianguka sehemu yake Desemba 25, 2020, wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Nalo lilikuwa jengo lililoangaliwa na wengi. Lenu lina chuma pia? Nyumba za mwishoni mwa karne ya 19 huwa na reli au mihimili ya chuma ndani ya dari, na kutu hufura mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, ikapasua zege na jiwe. Mstari wa kutu kwenye dari ni jambo la kumwonyesha mhandisi kabla ya kupanga vitanda.

Vyoo vya wageni vipangeni vikae kimoja juu ya kingine, mabomba yapite uani yakionekana. Bomba lililofichwa ndani ya ukuta wa matumbawe likivuja, mtalijua baada ya mwaka.

SWALI: Naomba jibu fupi: tangi la lita 2,000 juu ya dari ya boriti, sawa au si sawa? *Msomaji, Lamu*

JIBU: Si sawa. Likijaa ni tani mbili mahali pamoja. Liwekeni chini uani juu ya jukwaa la zege, na juu mweke dogo la lita 200 linalojazwa kwa pampu, likae juu ya makutano ya kuta nene, si katikati ya chumba. Mlitilie boya la kuzuia kufurika, na bomba la kumwaga ziada litokee nje mnapoliona.